Zana Iliyofunga Kontena Mapema

Daudi,

Meza yako katika ofisi ya kago hapa Sanyuanli, China, bado iko dirishani. Laoban Lin, bosi wako, amepanga maboksi ya selotepu juu yake na hajaajiri mtu. Nimeyasogeza nipate pa kuandikia. Nitakueleza yaliyotokea kwa mpangilio, kama ninavyoandika habari, maana njia nyingine siiwezi.

Wiki chache baada ya kuusafirisha mwili wako, yule wakala wa akili mnemba uliyemtengenezea Lin alifunga kontena la Dar es Salaam wakati mzigo wa Mama Neema ungali kwenye soko la nguo la Shahe. Yalikuwa marobota ya sare za shule. Kontena likaondoka, shule zikafunguliwa Mwanza, na mteja wake akanunua kwingine.

Mama Neema alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hiyo mashine yenu ilikuwa inakimbizwa na nani? Daudi angekuwepo angenisubiri!"

Lin akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Daudi mzuri, mashine mbaya. Futa yote." Alitaka kuitupa kazi yako na kurudi kwenye simu na kelele. Nikamwomba aniache nichunguze kwanza. "Pengyou, wewe mwandishi, si fundi." Rafiki, ndivyo anavyomwita kila mtu, hata anayemkatalia. Nikamwambia ninachojua ni kutafuta nani aliambiwa nini.

Ulinifundisha mwenyewe kwamba wakala haoni ndani ya zana zake. Anasoma maelezo uliyoyaandika, kisha anachagua: hii ya kuuliza bei, hii ya kufuatilia mzigo, hii ya kufunga kontena. Kwenye hiyo ya mwisho uliandika: "Hufunga kontena likijaa, kisha hutuma hati kwa kampuni ya meli." Basi. Kwa hesabu ya nafasi zilizowekwa, pamoja na ya Mama Neema, kontena lilikuwa limejaa. Akalifunga. Hukusema popote kwamba kontena la kuchangia halifungwi mpaka kila mwenye mzigo aseme amemaliza, wala kwamba likishafungwa halifunguliwi.

Nilitaka kuandika kwamba kosa ni la mashine. Sikuweza.

Nikakumbuka tulivyoyapima maelezo hayo. Tulikaa chini pale, kwenye mgahawa wa wali wa chungu, ukanisomea zana moja moja. "Jifanye hujui kitu. Mteja anasema hivi, utashika ipi?" Nikapatia zote, ukapiga meza: "Mjinga wangu amefaulu!" Lakini sikuwa mjinga, Daudi. Nimezunguka na wafanyabiashara wetu miaka mingi. Najua wanaochangia kontena husubiriana, hata mmoja akikwama na mikoba yake kule kwenye viwanda vya ngozi vya Shiling. Uliponiuliza kontena likijaa nitafanya nini, nilijibu, "Nawapigia wote simu, halafu nafunga," nawe ukaweka tiki. Jibu lile lilitoka kichwani mwangu, halikutoka kwenye maelezo yako. Hatukuliona pengo kwa sababu wote wawili tulikuwa tumeshalijaza.

Safari hii niliipima mashine yenyewe, kwenye nakala isiyogusa mzigo wa mtu. Kwa maelezo ya zamani ilifunga karibu kila nilipoijaribu. Nikaongeza onyo: "Usifunge kamwe bila ruhusa." Ikakataa kufunga hata pale ambapo watu wote walikuwa wamethibitisha. Lin akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mashine mwoga!" Nikapunguza ukali, nikaandika kwamba zana hii hufunga moja kwa moja na kontena halifunguliki tena; itumike pale tu kila mwenye mzigo amethibitisha kuwa umefika bohari; mmoja akiwa bado, atumiwe ujumbe kwanza. Ikafunga inapofaa, ikauliza inapofaa. Bado hukosea mara mojamoja, na hizo nimeziandika kando ili nisijidanganye.

Kontena lililofuata, Mama Neema alichelewa tena. Mvua ilikuwa imejaza maji vichochoro vya Shahe na mikokoteni haipiti. Akanipigia: "Mwandishi, huyu sasa ana adabu. Kaniuliza mzigo uko wapi, nimemwambia nipo njiani, kasema tunasubiri." Mzigo wake ukapakiwa. Lin hajafuta kitu.

Mama Neema alipokuja kuchukua hati zake nilimwambia ukweli, kwamba lile kosa la kwanza lilikuwa la maelezo yako. Akafunga mkoba wake. "Basi alikosea kwa kuzoea kutusubiri," akasema, akaondoka.

Mama yako alinipigia kutoka Dodoma. Anauliza mwanawe alikuwa akifanya kazi gani hasa huku China, maana msibani kila mtu alisema lake. Kwenye simu sikuweza kumweleza vizuri. Nikirudi nyumbani nitakwenda kwake kabla sijakwenda kwingine. Nitamwambia ulikuwa unaiandikia mashine isiyojua chochote kuhusu sisi, ili isimwache mtu wetu nyuma. Na kosa hili nitamwambia. Nikilificha, ataona nimekuja kumfariji tu, na hayo mengine yote hatayaamini.

Pumzika, ndugu yangu. Kwa mama nitafika.

Ezekieli