Siagi ya Punda wa Buswelu

Adoyo, kaa chini kwanza. Siagi. Ya punda!

Unakumbuka daktari alivyomkataza Hellen kumpa mwanawe maziwa ya ng'ombe, kwa kuwa yanamtoa vipele na kumbana pumzi. Leo shemeji yake, Luhaga, amemletea chupa ya maziwa kutoka Buswelu, akamhutubia pale sebuleni: "Shemeji, haya ya punda yanakaribiana na ya mama. Sukari nyingi, mafuta karibu hakuna."

Hapo alisema kweli tupu. Hellen akafurahi, akayachemsha, akamimina kikombe cha mtoto.

Ndipo bwana mkubwa akachomoa kikopo mfukoni. "Na siagi hii nimeitikisa mwenyewe kwenye kibuyu, maziwa ni hayohayo. Ona ilivyoganda!"

Siagi, Adoyo! Kutokana na maziwa aliyokwisha kutuambia hayana mafuta!

Hellen alikiondoa kikombe mbele ya mtoto, taratibu kabisa. "Shemeji, huyo punda wako ana pembe?"

Luhaga akacheka peke yake. Hellen akamsogezea kikombe.

"Basi kunywa wewe, shemeji. Wewe pumzi haikubani."

Amekunywa yote. Kaondoka na utando wa mafuta kwenye masharubu, na hakuna aliyemwambia ajifute.