Aliyerudi kwa Miguu Yake

Mke wangu mpendwa, Mama Bahati,

Tangu tulipokuzika, nyumba yetu ya Kimanga iko nadhifu, lakini imenyamaza. Viti viko mahali pavyo. Hakuna anayevihamisha.

Sikuandikii ili kulalamika. Bahati, mzaliwa wetu wa kwanza, amelazwa hospitalini kwa sababu ya kanyanga, ile pombe kali ya kuchemshwa, na gadimalade wake, wa kumwuguza, ni mimi. Ndiyo, mimi. Ninampikia, ninamwosha, ninaketi kando ya kitanda chake kama ndugu wa wagonjwa wengine. Kazi hii uliifanya wewe, muuguzi wa wodi hii hii, kwa walevi ambao jamaa zao walikataa kuja.

Unaikumbuka ile Jumapili tulipokuwa tukienda misa? Mtu alikuwa amelala kando ya barabara, amejitapikia. Ulipiga magoti, ukamwuliza jina lake.

"Tutachelewa," nikasema.

"Padri ataanza bila siye. Huyu, jua itamumaliza."

Ukamwita papa, kama baba yako mzazi, ukamfunika uso kwa kitenge chako kipya. Mimi nikalitazama ziwa. Tulipokuwa tukirudi ulinieleza kwamba muuguzi hampimi mtu kwa kosa lake. Akimpima hivyo, hataiona homa.

Sasa wodini yuko Neema, binti uliyemfundisha kazi. Mimi huitazama mikono yake nikiitafuta yako. Juzi dada yangu alifika kutoka Makobola na samaki wa mukeke na mahubiri. Hata hakuketi.

"Weye Bahati, hiyo shetani ya chupa..."

"Mama, mumuombee," Neema akamkatiza. "Mahubiri muiache inje, pamoja na viatu."

"Weye mutoto, nani alikuambia ulevi ni ugonjwa?"

"Mama yake Bahati."

Dada yangu akavua viatu, akaketi. Unajua jinsi jambo hilo lilivyo adimu.

Majirani nao wakimwuliza Neema mwana wetu anaumwa nini, huwajibu, "Muulize yeye. Iko na kinywa."

Jana Bahati alitoroka. Alirudi mchana, ananuka kanyanga, anatetemeka mwili mzima. Nilikunja mkeka, nikachukua sufuria yangu. Neema akasimama mlangoni.

"Papa, munaenda wapi?"

"Nyumbani. Amechagua."

"Amerudi na miguu yake. Mwenye kisukari akikula sukari, tunamufukuza? Mukae, papa. Mimi peke yangu siwezi."

Akambadilishia shuka bila kumkaripia. Bahati akamwuliza kama atapona. Nilimkazia macho Neema ili aseme ndiyo. Hakusema.

"Sijue," alimjibu. "Leo utakunywa hii buyi. Kesho tutaonana." Akaniachia kikombe cha uji mkononi, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama Bahati, saa ile nilikuhitaji kuliko siku ya mazishi. Sikutaka kufarijiwa. Nilitaka uingie, ukunje mikono ya bluzi yako nyeupe, nami nisogee kando nikupishe. Maisha yangu yote niliwafundisha watoto wa watu kwamba jibu ni sahihi au si sahihi. Hapa kitandani sijui hata swali. Wewe ungeketi tu, ukamshika kifundo cha mkono, ukahesabu mapigo kimya, na yeye angetulia. Nimejaribu kumshika hivyo. Mkono wangu ni mgumu.

Leo asubuhi, uso wake ukiwa umeelekea ukutani, aliniuliza, "Baba, umechoka na mimi?"

Neema hakuwapo. Hapakuwa na mtu wa kunijibia.

"Nimechoka, mwanangu," nikamwambia. "Na kesho nitakuja."

Kisha akageuka, akaniomba nimshikie kikombe, maana mikono yake ilikuwa ikimwaga uji. Alikunywa chote.

Pumzika, mke wangu. Ukiona nachelewa kukufuata, ujue nina mgonjwa.

Mumeo,
Baba Bahati