Kapiteni Hakusema Hivyo

Kwako Yaya Déo, kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yangu,

Nakuandikia kwa hasira. Nasema mapema ili usihangaike kutafuta katikati ya mistari kama nimekusamehe. Sijakusamehe. Na barua hii si yako peke yako: naiacha wazi, isomwe na kila mtu wa mtaa wetu wa Kadutu aliyewahi kukaa kwenye mabenchi yetu akikusikiliza.

Unayakumbuka mabenchi yale? Uliyapigilia misumari wewe mwenyewe, katika chumba alichotuachia Papa alipofariki, pale juu ya njia inayoteremkia sokoni. Ulikuwa umemaliza shule, kazi hakuna. Ukapata televisheni ya mtu aliyekuwa anahama, ukaandika CINÉ mlangoni kwa chaki, ukamwambia Maman: "Watu wanapenda filamu, ila Kifaransa ya haraka inabashinda. Mi nitawaambia." Ukakaa pembeni ya skrini na kipaza sauti, ukatafsiri kila kitu: wazee, askari, walevi, hata mbwa. Haukupita muda ukaniita. "Nsimire, kuya huku. Sauti ya wanamuke inanishinda, watu banacheka."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Wewe upande mmoja wa skrini, mimi upande mwingine.

Halafu ikaja ile tamthilia ya anga. Uliileta kutoka mtaa wa Nyawera kwenye flash, misimu miwili. Vyombo vinavyoruka kati ya nyota, sayari zinazochimbwa madini, serikali moja kubwa inayokaa mbali na kukamata watu ovyo, na watu wanaochoka hadi wakaasi. Hakuna aliyehitaji maelezo. Ile sayari ya machimbo watu wetu waliiita Shabunda, kama machimbo yetu, tangu siku ya kwanza. Mji mkuu wenye mataa wakauita Kinshasa. Na yule dereva wa chombo cha mizigo, ambaye hadithi nzima inamfuata, wakampa jina la Kapiteni, ingawa hakuwa kapiteni wa kitu chochote.

Asubuhi, kabla watu hawajaja, tuliangalia kila sehemu sisi wawili, sahani ya bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katikati yetu. Hapo ndipo ulipokuwa mwalimu wangu. Ulikuwa unasimamisha picha na kuninyooshea kidole: "Umeona? Hawatuonyeshe mutu anakufa. Banatuonyesha kikombe yake, chai ingali moto." Ulinionyesha muziki unavyonyamaza kabla ya risasi ya kwanza. Ulinionyesha kwa nini ofisa katili anaonekana kwanza nyumbani kwake, akimsaidia binti yake kazi ya shule: ili kesho akivaa sare tumchukie kama mtu tunayemfahamu. Ulinionyesha sehemu inavyokatika mlango unapogongwa, ili tusilale bila kuwaza nani yuko nje. Ukasema, "Hii si uongo, dada. Ni ufundi." Nilikupenda sana asubuhi zile. Samaki walikuwa wanapoa mkononi mwako kwa sababu ulikuwa unafikiri.

Kilichokuudhi ni sehemu za polepole. Wale wanawake wa sayari ya machimbo, wanapanga foleni ya maji na kungoja habari za waume zao, sehemu nzima bila mlipuko. Ulizikata. Na pale yanapotokea maandishi "Mwaka mmoja baadaye", ulipiga ngumi mezani na kuyatangaza kama ushindi, watu wakapiga miluzi. Nilikuambia mwaka ule ulikuwa na watu ndani yake, kuna waliokula na waliolala njaa. Ukanijibu, "Mutu hawezi kuingia hapa juu ya kuona mwanamuke anachota maji. Maman anachota kila siku, bure."

Kisha tukafika kwenye ile hotuba.

Tuliielewa pamoja, Yaya, kwa hiyo usiniambie hukuelewa. Tamthilia ilikuwa imejengwa kwa makusudi kutungojesha. Kila mtu ndani yake anahutubia: mkuu wa serikali, tajiri wa madini, hata waasi wenyewe wanagombana kwa maneno marefu. Kapiteni peke yake hana maneno. Mwisho wa msimu wa kwanza anasimama mbele ya wachimbaji ndani ya ghala, wote wanamtazama, muziki umenyamaza. Na anasema nini? Nilikuandikia mimi mwenyewe kwa Kiswahili: "Ninaogopa. Anayetaka kurudi nyumbani, arudi. Sitamwita mwoga." Basi. Halafu kamera inabaki kwenye nyuso za wale watu, kimya, muda mrefu, mpaka mmoja anainuka kwa hiari yake. Nguvu yote ya sehemu ile iko kwenye kimya kile. Wewe mwenyewe, asubuhi ile, ulifuta macho ukasingizia pilipili.

Jioni watu walipojaa, ukasema maneno mengine kabisa. "Watoto wa udongo! Nyota haziombi ruhusa ya kuwaka! Anayebaki nyumbani leo abaki na wanamuke, avae kitenge, apike!" Midomo ya Kapiteni ilikuwa imeshafungwa na wewe bado unasema. Ulikijaza kile kimya chote. Vijana walisimama juu ya mabenchi, benchi moja likavunjika, na hakuna aliyejali.

Nilikufuata nje. "Yaya, Kapiteni hakusema hivyo."

"Filamu ni yao, midomo ni yangu."

"Aliwaambia banaweza kurudi nyumbani!"

"Nsimire, uliona namna watu balisimama?" Hukuwa unaniangalia mimi. Ulikuwa unaangalia mikono yako, kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui bado bei yake.

Mwingine aliijua bei. Mwanaume mmoja wa koti la mvua alianza kuja kila jioni, anakaa nyuma kabisa, haangalii skrini, anakuangalia wewe. Mlianza kushuka naye mkiongea. Jumapili moja, mimi nikiwa misani, ukamuaga Maman kwamba unaenda Mudaka kutazama shamba la mjomba, utarudi kabla ya mvua. Akakuwekea chakula. Mjomba alipopiga simu jioni kusalimia, tukajua hujafika kwake, na hata hukuwa umemwambia utafika.

Sauti yako ilirudi kabla ya habari zako. Amani ndiye aliyenisikilizisha. Amani wangu, mchumba wangu, motari wa Nyawera, uliyemtania siku zote kwamba anaendesha pikipiki kama mtu anayebeba mayai. Wamotari wote walikuwa na ile odio kwenye simu. Walikuwa wanaicheza kwa sauti kubwa wakingoja abiria: wewe, na sauti ya Kapiteni, unaita vijana wapande milimani kwa wale wenye silaha. Nilitambua kila kitu. Unavyoshusha sauti kabla ya neno la mwisho. Unavyonyamaza, kisha mlio wa bunduki. Hata hadithi ya adui mwenye mtoto anayesoma uliitumia. Na kila odio iliishia mlangoni: "Kesho nitawaambia nani alitungojea kule mutoni." Vijana walikuwa wanaamka wakitafuta odio ya kesho.

"Ni Yaya yako!" Amani aliniambia, macho yanang'aa. "Kama Déo iko kule, basi ni kitu ya kweli."

"Ile maneno ni ya ciné, Amani. Mi najua penye inatoka."

"Wenzangu banaenda. Rafiki yangu Furaha anaenda. Mi nibaki hapa, navaa kitenge?"

Ulisikia, Yaya? Lile neno hukulikuta kwenye filamu. Ulilitoa tumboni mwako, ili kujaza kimya cha mtu mwingine, na mwanaume niliyekuwa nikimpenda alilibeba kama mzigo mpaka akaondoka nalo. Niliomba, nililia, nilimshika shati mbele ya watu. Akaenda.

Alirudi kwenye machela, mguu wa kushoto umekatwa juu ya goti. Furaha hakurudi. Nilipokaa karibu na kitanda cha Amani, baada ya kulia, nilimwuliza habari zako.

"Hayuko kule," akasema.

"Alikufa?"

"Hapana. Hajafika hata siku moja. Sauti inatoka mbali, mu mji ingine, kwenye barabara ya kaburimbo, ya lami. Kuna mutu alipeleka betri, akamuona. Iko na nyumba, iko na godoro, anakula mukate." Akageukia ukuta. "Tulikuwa tunamusikiliza kwenye mvua, Nsimire. Tuko na njaa, na tunangoja sehemu inayofuata."

Ningeweza kuvumilia kaka aliyekosea na wenzake. Ningekulilia kama ungeoza porini na wale uliowaita. Lakini godoro, Yaya! Mkate! Ulikaa pembeni ya vita kama ulivyokaa pembeni ya skrini, na kipaza sauti, ukiwasemea watu wanaokufa. Tofauti ni kwamba wale wa kwenye skrini walikwenda nyumbani kazi ilipokwisha, wakanawa damu ya rangi, wakalipwa. Furaha hakunawa.

Nilifungua ciné tena. Maman hakutaka, lakini tulipaswa kula. Nilitafsiri sauti zote peke yangu, na sikukata kitu: foleni za maji nilizirudisha, wanawake wakaja kwa wingi kuliko zamani. Tulipofika kwenye ghala nikasema yale aliyosema Kapiteni, kisha nikaondoa kipaza sauti mdomoni. Kijana mmoja akapiga kelele, "Turudishie Kapiteni wetu!" Wengine wakatoka wakinitukana. Wengine wakabaki, wakatazama zile nyuso kimya mpaka mwisho.

Siku tulipoonyesha vita vya msimu wa pili, alikuwepo Maman Furaha, yule anayeuza makala ya kupikia, mkaa, sokoni. Kijana wake ndiye niliyekutajia. Katikati ya milipuko akanyoosha mkono. "Simamisha. Rudisha nyuma." Nikarudisha. Akasogea mpaka karibu na skrini, akaweka kidole. "Huyu mutoto anaanguka hapa, nyuma ya moshi. Jina yake nani?"

Nilimtafuta. Sikuwa nimewahi kumwona, na wewe pia hukuwahi kunionyesha. Ni mmoja wa wale wanaoanguka ili Kapiteni apite. "Hawakumupa jina, Maman."

"Na mama yake? Atatokea?"

"Hapana, Maman. Hatatokea."

Akaondoa kidole kwenye kioo. "Basi hawa watu hawajui kuadisia hadithi," akasema, akachukua kikapu chake akatoka. Wanawake watatu wakainuka wakamfuata, na mimi nikazima televisheni. Ufundi wote ulionifundisha, Yaya, vikombe vya chai na milango inayogongwa, haukuwa na jibu la kumpa yule mama.

Na wewe, baada ya haya yote, juma lililopita ukaniandikia. Hukuuliza Maman anaendeleaje. Hukumtaja Amani. Umeniambia: "Dada, nahitaji sauti ya kuongea na wamaman, bakubali kuachia watoto. Wewe unajua namna wamaman banalia."

Ndiyo, najua. Nimejifunza kutokana na kazi yako.

Nilimsomea Maman ujumbe ule, kisha nikamchezea odio yako ya mwisho, kwa sababu aliniomba. Aliisikiliza mara mbili, ameshika magoti. Nilidhani atalia. Akanirudishia simu, akasema, "Ule si mutoto wangu. Ule ni redio." Akaenda kumpelekea Amani maji ya kuoga.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na hulipati kwa siri. Nimeirekodi barua hii kwenye simu mpaka hapa, kwa sauti yangu ninayoitumia kuita watu kula, bila kuishusha mahali popote. Amani ameituma kwa wamotari wa Nyawera leo asubuhi, na wao wanajua namna ya kuipitisha mahali odio zako zinapopita. Huko milimani vijana wakiifungua, watajua mtu anayewaita ni nani na analala wapi. Kuna waliokuja kunishauri niondoke mjini kabla haijafika mbali. Sijaondoka. Nina kazi ya kumaliza hapa.

Jumamosi ninaolewa. Amani alisema atanirudishia neno langu, kwamba mwanamke hapaswi kufunga maisha yake kwenye mkongojo. Nilimwambia anyamaze, apime suruali. Tumekubaliana na padri, mahali pamepatikana, wamaman wa sokoni wanaleta kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Papa hayupo, na kwa desturi yetu ni wewe ulipaswa kunishika mkono mpaka mbele. Maman amesema ataniongoza yeye. Amenunua viatu.

Hujaalikwa.

Baki huko ulipo, Yaya, na usiugue. Sikuombei mabaya, maana Maman angenisikia. Lakini ukinikosa kwenye simu, usinitafute.

Mdogo wako wa tumbo moja, jambo ambalo hakuna anayeweza kulibadilisha,

Nsimire