Galoni Lako la Mawese

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mkono umezoea kuanza hivyo.

Mjukuu wako ameota jino. Mimi nipo. Napika, nafua, nalala. Machozi bado hayajaja. Watu wakiniuliza hali nasema namshukuru Mungu.

Kuna jambo la mama mdogo Zena. Tangu tumalize arobaini yako hajarudi kwake Rusimbi, alisema abaki hapa kwako Kasingirima anisaidie mtoto. Mama, miguu yake imevimba kama yako. Ukibonyeza, shimo linabaki. Usiku analala ameegemea mito. Nikampeleka kliniki, nikasikia yaleyale uliyoambiwa wewe: mwili mzito, moyo umechoka kusukuma damu. Dawa anywe, chumvi apunguze, mawese ayapunguze sana. Mafuta ale, lakini ya samaki, karanga na alizeti, tena kwa kiasi, maana yakizidi nayo yananenepesha.

Nikampikia samaki, mgebuka kwa nyanya na ndimu, nikatwanga majani ya muhogo, sombe nikaiunga karanga. Akaiangalia, akacheka. "Sombe imepauka kama mgonjwa! Mtu wa Ujiji gani anakula sombe bila mawese?" Nilipotoka kuanika nguo, akalivuta galoni lako kutoka nyuma ya mlango, akamimina mpaka ugali ukawa mwekundu.

Nilimkuta. Sikupiga kelele, nguvu zenyewe sina. Nikamwambia tu, "Mama mdogo, mama naye alikula hivyohivyo."

Akasema, "Haya dada aliyakamua kwa mikono yake. Yakiisha, nitaonja nini chake?"

Nilikumbuka ulivyokuwa unanipa mwiko niulambe, midomo inabaki myekundu hadi shuleni. Kuyamwaga nisingeweza. Kumwachia ayale, nisingeweza pia.

Asubuhi nikalibeba galoni hadi kwa jirani anayechemsha sabuni ya mawese. Mama mdogo alinifuata mpaka uani, ananiita mwizi, majirani wanasikia. Sikugeuka.

Sabuni zilipokauka nikamwekea kipande karibu na beseni. Alikinusa muda mrefu. Akanawa taratibu, mpaka kwenye viwiko. "Dada alikuwa akiniogesha ananisugua kama sufuria iliyoungua," akasema. Akacheka, akalia. Mimi nikawa namshikia kata ya maji.

Sasa kila mlo ananawa kwa sabuni hiyo kwanza, kisha anakula sombe yake ya karanga huku ananung'unika. Uvimbe umepungua kidogo. Sisemi amepona.

Kipande kimoja nimekificha kwenye kanga yako. Hicho changu. Siku machozi yakija, nitanawia uso.

Pumzika, Mama. Miguu ya mdogo wako nitaibonyeza kila asubuhi, na jikoni nasimama mimi. Akinuna, anune.

Mwanao,
Amina