Ripoti ya Kumi na Mbili

Leipzig, 3 Februari 2024

Dada Ruqaya,

Assalaam alaykum. Hujambo, na magoti yako je? Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitafuna. Nisalimie wote hapo Maskati, mtaani Khuwair ya Kusini.

Dada, nimeruhusiwa kusoma jalada letu la polisi wa siri, la zama za wakomunisti. Kile kikundi chetu cha Alkhamisi, vijana kumi tukisikiliza kanda kwenye chumba cha kufulia bwenini, kilikuwa na mtoa habari. Ripoti kumi na mbili. Kila moja inaanza kwa kumjulia hali afisa, mkewe na watoto wake, ndipo zinafuata habari. Mjerumani gani huandika hivyo? Na Waswahili tulikuwa wawili tu.

Ya mwisho, ya Machi 1988, ndiyo iliyomwondoa Wael wangu. Walimrudisha kwao Aden, sijamsikia tena. Imeeleza hata alivyonichumbia chini ya ngazi. Kwa nini ulinifanyia hivi?

Mdogo wako,
Nasriya

Maskati, 20 Februari 2024

Mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Magoti yananipandisha ngazi kwa matusi, lakini nnashukuru.

Niliandika. Aibu hii nimelala nayo miaka thelathini na sita. Kikundi kisichokuwa chini ya umoja wa vijana wa chama chao kiliwatia hofu wale polisi. Wakanambia ama kivunjwe na sote tufukuzwe chuo, ama mmoja aandike, kiachwe. Nikaandika upuuzi: nani kaleta keki, nani kaimba vibaya. Salamu nilizitia kwa mazoea. Utamwandikiaje mtu bila ya kumjulia hali?

Lakini niliandika kumi na moja. Tangu barua yako ifike, nyumba ikitulia adhuhuri nasikia kalamu inakwaruza chumba cha pili. Nikifungua, meza tupu. Naogopa, Nasriya.

Januari ile ya 1988, nilipoondoka moja kwa moja, wewe mwenyewe ulinisindikiza uwanja wa ndege. Machi nilikuwa hapa Maskati. Na habari ya uchumba naisikia leo, kwako wewe. Chini ya ngazi mlikuwa nani na nani?

Dada yako,
Ruqaya

Leipzig, 9 Juni 2024

Dada,

Nimeisoma tena ile ya kumi na mbili. Nakumbuka kuitwa na yule afisa. Nakumbuka chumba, chai, na karatasi mbele yangu. Kuandika sikumbuki.

Lakini mwishoni mwandishi anamwomba afisa ruhusa ya kuolewa na Wael.

Mdogo wako