Feni Inanguruma, Moshi Haupandi

Jumatatu, 3 Machi

Kichwa tena. Kinanigonga hapa juu ya macho tangu nizime kichomeo changu cha gesi. Nimemwambia mume wangu ni jua. Jua gani, nami nashinda ndani?

Shanga za kioo, zile za bluu, zimetoka safi lakini. Hakuna hata moja yenye povu.

Mama mkwe alikaa nami kutwa, akitazama kioo kinavyolegea motoni kama asali. Anasema hii ndiyo televisheni yake, tena haina matangazo. Alisinzia kitini. Si kawaida yake—usingizi wa mchana na yeye ni maadui.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeogopa.

Mama mkwe aliinuka kwenda kunywa maji, akashika ukuta. Akasema nyumba inazunguka. Mara magoti yakamwishia nguvu! Nikamdaka kwapani, tukaporomoka sakafuni wote wawili. Midomo imempauka. "Mama! Mama!" Akanijibu kwa sauti ndogo nisimpigie kelele, yeye si kiziwi. Nikazima gesi, nikamkokota hadi uani.

Hewa ya nje ikaanza kumrudisha. Nikampigia wifi, ambaye ni nesi. Akaja na teksi, akamshika mama yake mkono, akaniuliza swali moja tu: ulikuwa umewasha ule moto wako? Nikasema ndiyo.

Akampakia mama yake kwenye teksi, wakaenda hospitali. Heri angenitukana.

Jumatano, 5 Machi

Mama mzima! Mzima kabisa!

Walimpa oksijeni, wakampima damu. Daktari anasema ni hewa ya sumu, ile isiyo na harufu, inayotoka kwenye moto chumba kikiwa hakipumui. Kutolewa nje mapema ndiko kulikomwokoa. Na maumivu yangu ya kichwa ni hiyo hiyo. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikatoka kama si mimi.

Wifi hakulia. Alisema mbele ya kaka yake: ama vitu vile vitoke humu ndani, ama yeye anamchukua mama akae kwake. Mume wangu akakuna shingo. Akikuna shingo ujue amebanwa kati ya wawili. Mwishowe akaniomba nisiwashe chochote mpaka tujue kosa liko wapi. Mama atakaa kwa wifi kwa sasa.

Nimekubali. Nibishe na nini? Ila feni si ipo! Ile kofia ya bati ya kuvutia moshi niliitundika mwenyewe juu ya meza, na feni yake inanguruma kama lori mlimani. Inavuta nini, basi?

Alhamisi, 6 Machi

Gesi sijaigusa. Nimewasha mshumaa chini ya kofia, nikaupuliza, nikaangalia moshi wa utambi unaelekea wapi. Feni inanguruma. Moshi ukapanda kidogo, ukajikunja, ukanijia usoni!

Kumbe siku zote hizi nakula moshi, nadanganywa na kelele. Debe tupu!

Nikavuta kabati. Nyuma yake lile bomba laini la kutolea moshi limebanwa, limekuwa bapa kama soli ya ndala. Halafu kona juu ya kona, kama utumbo. Nimelinyoosha. Moshi umepanda zaidi—lakini bado unarudi. Nini tena?

Nyumba imepoa bila mama. Hakuna wa kunichokoza.

Ijumaa, 7 Machi

NIMEPATA!

Nilikuwa na mshumaa wangu, mume wangu akafungua mlango kuuliza ufunguo wa geti. Moshi ukanyooka wima kama askari, ukaingia kofiani wote. Akafunga. Ukanirudia puani.

"Fungua!"

"Nimefanya nini?"

"Fungua! Haya, funga. Fungua tena!"

Akadhani nimepagawa. Kisha naye akauona. Tukauchezea ule mlango kama watoto, yeye anafungua, mimi nashangilia.

Ni ile selotepu! Nilibandika kila upenyo wa dirisha, na chini ya mlango nikasokomeza tambara, ili upepo usiuyumbishe moto. Sasa feni itoe hewa gani, wakati hakuna inayoingia? Ni kama kunyonya chupa tupu: unavuta, unavuta, mwishowe ulimi unanasa.

Nimebandua zote. Nimekula vizuri leo.

Jumapili, 9 Machi

Dirisha peke yake halifai, upepo utaupiga moto na kioo kitapasuka. Hewa iingie taratibu, chini, mbali na meza. Kwa hiyo tumetoboa tundu kubwa la wavu chini ya ukuta wa pili.

Fundi bati, yule tunayemwita Kesho, kafika leo leo! Mume wangu anataka siku hii iwe sikukuu. Kesho ametufungia bomba gumu la bati, limenyooka moja kwa moja hadi juu ya paa, mbali na madirisha yote. Kofia tumeishusha karibu na meza. Nimejaribu mshumaa kila pembe. Moshi unapanda! Mlango umefungwa na unapanda!

Jumanne, 11 Machi

Wamekuja, mama na wifi. Wifi kaleta kengele ya kunusa hewa ya sumu, kaitundika mwenyewe ukutani bila kunitazama. Ikilia hata mara moja, anasema, yeye hataongea tena, atambeba mama aende naye.

Mama tukamweka uani. Nikawasha. Wifi mlangoni, mikono kifuani. Nikazungusha shanga ya kijani, kisha nyingine, kisha nyingine, jasho linanitiririka. Kengele kimya. Kimya kitamu hicho!

Mama akapaza sauti kutoka nje: mbona kimya hivyo, mmeshakufa?

Wifi akaangua kicheko. Nami nikacheka, nikaliharibu ua zima nililoanza kulichora juu ya shanga. Liharibike tu.

Mama amelala hapa nyumbani.

Jumamosi, 15 Machi

Kichwa chepesi wiki nzima. Sikumbuki mara ya mwisho kuamka hivi.

Wifi kapita akitoka zamu, hata sare hajavua. Nikajua anakuja kukagua kengele. Kaikagua, kweli. Halafu akabaki amesimama pale, anashikashika fimbo za kioo. Hii nyekundu ikiyeyuka inabaki nyekundu? Kwa nini unaizungusha? Mtu akiacha kuzungusha? Nimemwacha na maswali yake, nimekuja jikoni kutia chai.

Naandika huku maji yanachemka. Feni imewashwa kule! Mama anacheka, anamwambia wifi miwani yangu ya kazi kaivaa kichwa chini miguu juu. Sasa wifi ananiita:

"Wifi! Acha hiyo chai, njoo—hii fimbo naishika mkono gani?"