Sare ya Mahafali ya Zai

Jumatatu, 7 Oktoba

Karoti zimeshuka nzuri leo. Kaka yangu Kibwana kanitumia gunia limejaa hadi mdomoni, udongo wa mlimani bado mbichi. Nimeosha, nimefunga mafungu, nimewahi meza yangu sokoni.

Mama Rama wa samaki kaja kunionyesha gauni lake. Kitenge cha njano, maua ya bluu, nilichochagua mimi mwenyewe. Fundi kamwekea mikono mipana, hapiti mlangoni. Nikamwambia shoga, utawafunika hadi maprofesa. Sare karibu zote zimetoka kwa fundi sasa. Majirani zangu wa Kilakala, mawifi, ndugu wa mlimani. Siku ya mahafali ya Zai tutaonekana kutoka barabara ya Dodoma.

Nimemwambia kila aliyenunua karoti. Mwanangu anamaliza shahada ya uhasibu. Mimi darasa la saba, yeye shahada. Mteja mmoja kauliza, uhasibu ndiyo kitu gani? Nikamwambia, hata tajiri hajui ana nini mpaka mwanangu amwambie. Watu wamecheka. Maneno kama hayo yananijia tu, sijui yanatoka wapi.

Zai hajala vizuri jana wala leo. Anasema joto.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimempa Zai gauni lake ajaribu. Kasema weka tu, mama. Hata kulikunjua hakulikunjua. Kusoma kumemchosha.

Kaka kapiga simu. Wazee wa ukoo watashuka. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye atakayesimama naye siku hiyo. Na mama yangu, bibi yake Zai, ameanza kumsukia mkeka. Macho yenyewe hayaoni vizuri, lakini anasuka. Nimefurahi mpaka nikampa mteja karoti za bure.

Jumamosi, 12 Oktoba

Zai hamalizi.

Kaniambia tukiwa tunaosha karoti uani. Jina lake halimo kwenye orodha ya wahitimu. Somo moja limemkwamisha, ukaguzi wa hesabu. Alifeli, wakampa mtihani wa marudio, akafeli tena. Sasa lazima alisome upya darasani na kulifanyia mtihani mwezi wa pili. Alikuwa anajua siku zote hizi. Anasema kila akitaka kuniambia, anaingia mtu na gauni jipya.

Neno la kwanza kunitoka: "Sasa sare?"

Siyo pole. Siyo mwanangu. Sare.

Kanitazama. Kisha akaendelea kuosha karoti. Ile ile moja, ambayo ilishatakata zamani.

Naona aibu. Na bado nawaza sare.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimesema uongo.

Mama Rama kauliza tutakutana wapi siku ya mahafali, kwangu au chuoni moja kwa moja. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema Zai anaumwa. Homa kali, daktari kamkataza purukushani mpaka Desemba, mahafali ya mwaka huu hatahudhuria. "Maskini! Tangu lini?" Tangu Ijumaa. Nikaongeza na kutapika. Hakuna aliyeniuliza habari za kutapika.

Niandike ilivyo: nilisikia nafuu. Mchana kutwa nimepewa pole, na pole zile zilikuwa tamu.

Nimerudi nyumbani nimemkuta mgonjwa wangu anasonga ugali. Sijamwambia.

Jumatano, 16 Oktoba

Wamekuja.

Mjinga mimi. Si ningesema kasafiri! Nimezaliwa hapa, hakuna mgonjwa wa mtaa huu ambaye sijampelekea uji, halafu nikasahau kwamba mgonjwa hujuliwa hali. Baada ya alasiri nikasikia hodi, hodi. Mama Rama mbele, wenzake nyuma. Machungwa. Uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Kuku hai. Na wote wamevaa sare. Mama Rama anasema waliona wavae ili mgonjwa awaone achangamke.

Zai alikuwa uani. Amepandisha khanga magotini, anakanyaga blanketi kwenye beseni, simu inapiga muziki na yeye anaimba.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa gani?"

"Si wewe."

Zai kanitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Pale ningeweza kusema kitu, chochote. Sikusema. Akazima muziki, akatoka kwenye beseni, akawaambia mwenyewe, kwa adabu zote. Haumwi. Amefeli somo moja. Mahafali ya mwaka huu hayumo. Akasema, "Mnisamehe kwa sare." Yeye ndiye aliyeomba msamaha wa sare.

Mama Rama akanishikisha ile chupa ya uji. "Basi kunywa wewe, Mama Zai. Naona unayeumwa ni wewe."

Wakacheka wengine. Kuku wakaondoka naye.

Tulipobaki wawili, Zai kaniuliza kitu kimoja tu. "Kufeli ni kwangu, mama, nimekubali. Huo ugonjwa je, ni wa nani?"

Nikaenda kusuuza lile blanketi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kaondoka. Kapanda mlimani kwa mjomba wake. Vitabu vyote kaviacha.

Nimempigia kaka. Kasema, "Yuko huku, mzima. Wewe usije kwanza."

Jumamosi, 26 Oktoba

Sare inatembea.

Mama Rama anauzia samaki na gauni lile, magamba yamemjaa kifuani. Muuza maandazi kabebea mtoto mgongoni. Jirani wa kona kakata kitenge chake kikawa pazia, tena la dirisha la barabarani. Sokoni nikigeuka huku njano, nikigeuka kule njano. Siwezi kusema kitu. Walinunua wenyewe, wakalipa fundi wenyewe, na mimi ndiye niliyewapitia mlango kwa mlango.

Leo muuza vitunguu kaita kwa nguvu, "Mama Mhasibu!" Zamani nilikuwa naitika mpaka stendi wanasikia. Leo nimeinama nikajifanya napanga karoti. Nilikuwa nimeshazipanga.

Jumanne, 5 Novemba

Hakuna la kuandika. Karoti zimeoza kidogo. Zai hapokei simu yangu, za mjomba wake anapokea hata wakiwa nyumba moja.

Alhamisi, 21 Novemba

Mahafali leo.

Sikufungua meza. Lakini honi hazina mlango, zimeingia tu. Magari yamepita tangu asubuhi, vijana wa watu wametoa vichwa madirishani na majoho yao, mashada ya maua ya plastiki shingoni. Mama zao wanapiga vigelegele. Sijawahi kuonea wivu mtoto wa mtu. Leo nimewaonea wivu wote, hadi wale wanaotoka Gairo nisiowajua kwa sura. Aibu nyingine hiyo.

Nimekaa chumbani kwa Zai. Nimefungua kitabu chake kimoja, kinene kama tofali. Kiingereza kitupu na hesabu zimeshikana pande mbili. Nikajaribu mistari miwili, kichwa kikagonga. Mwanangu amebeba haya miaka mitatu. Na mimi juu yake nikamtwika mtaa mzima na kitenge.

Jioni kaka kapiga. Chuo wanafunga kuandikisha wanaorudia masomo wiki ijayo, na Zai kamwambia harudi. Kasema ataacha shahada, abaki shambani. Asipojiandikisha miaka yote mitatu imepotea. "Sasa ndiyo uje," kaka kasema. "Na mdomo wako uuache Kilakala."

Jumapili, 24 Novemba

Nimepanda mlimani na kushuka. Miguu si yangu.

Mvua ilinyesha usiku wa jana, njia ni utelezi mtupu. Nimewapisha kina mama wanaoshuka na matenga ya stroberi kichwani, wao wanakimbia na mimi nashika majani. Zai nimemkuta shambani anapalilia na mke wa mjomba wake. Kapigwa jua, kakonda. Kaniamkia shikamoo kama anavyomwamkia mgeni.

Kaka amenisema. Mbele ya mama yangu, mbele ya mkewe, mbele ya watoto. Kanisema kwa Kiluguru ili kiniingie vizuri. Kwamba huyu ni mtoto wa ukoo, si bango la kutundika kwenye meza ya karoti. Ni mjomba, ana haki. Nimesikiliza nimeangalia miguu yangu ilivyo na matope.

Kisha Zai kaja kukaa karibu nami kwenye gogo.

"Mama, unajua ukaguzi ni nini?"

Sikujua. Miaka mitatu natangaza uhasibu soko zima, sijamuuliza hata siku moja wanafundishwa nini.

"Watu wametangaza kwamba wana hiki na kile. Wewe unakwenda kuangalia kama kipo kweli. Basi ndani ya mtihani wa marudio, kila nikisoma swali, namwona Mama Rama na kile kitenge cha njano."

Akacheka. Kicheko hakikufika mwisho, akalia.

Ndipo nikamwambia pole. Pole ya tangu siku ile tunaosha karoti. Nikamwambia na kingine, kwamba nilimzulia ugonjwa kwa sababu nilijionea haya mimi, wala si kwa ajili yake. Kulisema lile ilikuwa kazi kuliko mlima.

Katoa sharti. Atarudi kusoma, ila nisimwambie mtu. Akienda darasani nisiseme. Akifeli nisiseme. Akifaulu nisiseme pia, mpaka aseme yeye. Hata mteja wa fungu moja la karoti.

"Utaweza?"

Mama yangu akacheka kabla sijajibu. "Huyu? Bora umwambie asipumue."

Nikasema nitaweza. Hakuna aliyeniamini. Hata mimi.

Mkeka bado haujaisha. Umesimamishwa ukutani, miyaa ya ukindu inaning'inia.

Jumatatu, 2 Desemba

Zai yuko chumbani kwake. Amejiandikisha.

Nimempelekea Mama Rama chupa yake ya chai. Ilikaa kwangu tangu siku ile, nilikuwa naificha nyuma ya debe la unga nisiione. Nimemwambia wazi mbele ya samaki wake: nilimsingizia mtoto ugonjwa, na ninyi nikawadanganya. Nimesimama pale nikingoja anitukane. Anajua kutukana yule, mtaa mzima unamjua.

Kasema, "Chupa nilishanunua nyingine." Kisha kanifungia perege wawili kwenye gazeti. "Kale. Umekuwa kama ufagio."

Akauliza, Zai je? Nikasema yupo.

Yupo. Neno moja. Limenitoka kwa shida kama jino.

Jumanne, 11 Februari

Mtihani leo.

Nilitaka nimsindikize hadi getini. Sikumsindikiza. Katoka, akasahau kikokotoo, akarudi, akanikuta juu ya mswala wakati si wa swala. Akachukua kikokotoo akaondoka.

Sokoni mteja kauliza, mbona kimya leo, Mama Zai? Nikasema koo.

Karudi mchana. Kala wali wote. Sikuuliza. Nimeosha sufuria iliyokuwa safi.

Ijumaa, 28 Februari

Kesho huenda mfungo. Matokeo bado. Muuza vitunguu kaniuliza mhasibu wetu kapata kazi wapi. Nimempimia karoti, nikamwambia ahsante, karibu tena. Amebaki ananishangaa.

Zamani ningemjibu mpaka jua lizame.

Jumamosi, 22 Machi

Amefaulu.

Tulikuwa tunamenya mihogo ya futari. Simu yake ikalia, akasoma, akanigeuzia kioo kana kwamba mimi nitaelewa zile herufi. "Nimepita, mama."

Kigelegele kilipanda chenyewe. Kilishafika kooni. Nimekiziba na khanga, nikang'ata kitambaa mpaka meno yakauma. Sauti kidogo ikatoroka pembeni.

"Kuna nini huko?" Mama Rama, anapita nje ya ukuta.

"Kitunguu!"

Zai kacheka mpaka akakaa chini kwenye maganda. Sijamsikia akicheka hivyo mwaka mzima. Kisha kampigia mjomba wake mwenyewe. Mjomba kasema bibi ameomba miyaa zaidi amalizie mkeka.

Nimekuna nazi mbili badala ya moja. Mihogo ikaiva kwa tui zito. Nimejaza mabakuli, nimefunika na sahani, nimepeleka nyumba kwa nyumba kabla ya adhana, kwa wote niliowashonesha. Nimevaa sare yangu. Ilikuwa bado na mikunjo ya fundi, sikuwahi kuivaa. Wengine wamenitazama gauni, wakanitazama uso. Nimesema futari hiyo, nikaenda zangu. Pale penye pazia la njano nimeliweka bakuli dirishani.

Mama Rama kafunua sahani kachungulia. "Leo kuna nini, tui zito hivi?"

"Nazi ilikuwa kubwa."

Kanitazama sana. Mdomo wangu ulikuwa unatetemeka, nimeuhisi.

"Haya," kasema. "Nisalimie Zai."

Nimerudi, tumefuturu wawili. Nimeandika hapa. Kwingine sijasema.